Kopo la Unga na Damu Iliyorudi: Historia ya Mimea na Ukomo wa Hedhi

Leo tunaongea habari za mama zetu, wale wanaotubebea watoto tukiwa kazini. Ni ndefu, kwa hiyo nimeigawa sehemu saba. Soma ukiwa unanyonyesha, soma maharage yakiwa jikoni, ila usiache sehemu ya mwisho.

SEHEMU YA 1: KOPO

Jumapili moja jioni alikuja nyumbani binti mmoja wa hapa hapa Olasiti, ana mtoto wa miezi minane mgongoni. Mkononi ana kopo la unga wa kahawia. Akaniambia, "Dada nesi, naomba uniangalizie hii kitu ya mama."

Mama yake ana miaka 54. Siku zake zilikatika miaka mitatu iliyopita. Shida yake ni joto. Nyie mnajua Julai ya Arusha ilivyo, Meru umejifunika ukungu, watu wanalala na soksi. Yule mama usiku anatupa blanketi, analowa jasho, anafungua dirisha, halafu anaanza kutetemeka. Halali. Mchana anabaki na mjukuu akiwa amechoka, anakasirika kwa kitu kidogo, kisha analia peke yake kwa sababu amekasirika.

Mtu akamuuzia kopo. Limeandikwa ni mimea mitupu, halina kemikali, linarudisha homoni. Shilingi elfu 60 kwa mwezi mmoja.

Nikamuuliza binti, "Linamsaidia?"

Akacheka. "Sana dada. Mama anasema limefanya kazi mpaka ameanza kuona siku zake tena. Mwezi wa nne huu."

Hapo sikucheka. Nilimwambia kesho asubuhi ampeleke mama hospitali, kopo aliweke pembeni ila asilitupe, aende nalo. Akashangaa, kwa sababu alikuja kuuliza habari ya joto na mimi nikakimbilia kwenye damu.

Ili muelewe kwa nini nilishtuka, inabidi niwape historia. Na historia yenyewe inaanzia mkoa wetu huu huu.

SEHEMU YA 2: BIBI WA EYASI

Kwanza tukubaliane, kukoma hedhi si ugonjwa. Mayai yanakwisha, mifuko ya mayai inapunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, na siku zinakatika. Kwa wengi inakuwa karibu na miaka 50. Ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, na huna mimba wala dawa iliyozisimamisha, tunasema umefikia ukomo. Lile joto la ghafla linatokea kwa sababu sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inayumba estrojeni inaposhuka. Ubongo unadhani mwili umechemka, unafungua jasho, kumbe nje ni baridi ya Julai.

Jina la kitaalamu la hali hii alilitunga daktari Mfaransa, Charles de Gardanne, miaka ya 1816 hadi 1821. Hali yenyewe ilikuwepo siku zote. Tena kati ya viumbe wengi mno duniani, ni wachache sana ambao majike wao wanaishi miaka mingi baada ya uzazi kukoma. Binadamu ni mmoja, pamoja na baadhi ya nyangumi.

Sasa kwa nini? Moja ya majibu yanayojulikana sana duniani yalitoka kwetu. Miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe kando ya Ziwa Eyasi, upande wa Karatu. Waligundua kwamba mabibi waliokwisha kukoma hedhi hawakuwa wamekaa wanasubiri kulishwa. Walikuwa wanashinda porini na vijiti vyao wakichimba mizizi, kwa saa nyingi kama mabinti zao au kuwazidi. Na mama alipojifungua, nguvu zake za kutafuta chakula zilipungua, ndipo yule mtoto aliyeachishwa ziwa alipotegemea kazi ya bibi. Bibi akichimba sana, mtoto anaongezeka uzito.

Mwaka 1998 Hawkes na wenzake walichapisha hoja kwamba huenda ndiyo sababu wanawake wanaishi miaka mingi baada ya uzazi. Bibi anabeba wajukuu, familia inapona. Wataalamu bado wanabishana juu ya hoja hiyo, lakini sisi tunaoacha watoto kwa bibi saa kumi na mbili asubuhi tukikimbilia daladala tunaielewa bila kubishana.

Nimeanza hapa makusudi. Mama anapopita kwenye kipindi hiki hajaharibika na hahitaji "kurudishwa". Anachohitaji ni alale usiku, na akiwa na dalili ya hatari asikilizwe. Hayo ni mambo mawili tofauti, na wauza makopo wanayachanganya.

SEHEMU YA 3: KONDOO WALIOSHINDWA KUZAA

Sasa swali la binti. Mmea unaweza kweli kuwa na homoni?

Jibu fupi ni kwamba mimea mingine ina vitu vinavyofanana na estrojeni kiasi cha kuudanganya mwili. Estrojeni ya binadamu yenyewe ilitenganishwa mara ya kwanza mwaka 1929, na Edward Doisy kule Marekani na Adolf Butenandt kule Ujerumani, kila mmoja kivyake, wakitumia mkojo wa wanawake wajawazito. Ila somo la mimea lililoishtua dunia lilitolewa na kondoo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940, wafugaji wa Australia Magharibi waliona kitu kibaya. Kondoo majike walikuwa wanene, wana afya, lakini hawashiki mimba. Wengine kizazi kilitoka nje. Wengine walizaa kwa shida na watoto wakafa. Walioathirika sana hawakupona hata walipohamishwa. Mwaka 1946 watafiti watatu, Bennetts, Underwood na Shier, waliandika kwamba chanzo ni malisho, yaani majani yanayoitwa klova, jamii moja ya mikunde na maharage yetu. Baadaye ikajulikana kwamba ndani ya klova kuna kitu ambacho tumbo la kondoo linakigeuza kuwa ekwoli, na ekwoli inafanya kazi kama estrojeni.

Vitu hivi tunaviita estrojeni za mimea. Vipo kwa wingi kwenye soya na mbegu za kitani. Vipo kiasi kwenye ufuta, na kidogo kidogo kwenye jamii nyingi za kunde. Kwa nguvu ni dhaifu sana ukilinganisha na estrojeni ya mwili wako mwenyewe. Wale kondoo walikula klova asubuhi mpaka jioni, miezi na miezi, karibu bila kitu kingine. Wewe na bakuli lako la choroko usiogope.

Ila shikeni somo la kwanza la kondoo. Neno "asili" halimaanishi "haiwezi kudhuru". Majani ya asili kabisa, yaliyoliwa na mnyama wa asili kabisa, yalifunga vizazi. Kitu kikiwa na uwezo wa kufanya kazi mwilini, kina uwezo wa kuharibu pia, na kinachoamua ni kiasi.

SEHEMU YA 4: MKONGE NA VIAZI VIKUU

Wapo watakaosema, "Mbona hata dawa za hospitali zinatoka kwenye mimea?" Kweli kabisa. Na Tanzania tuna mfano wetu.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge Tanganyika. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hapo yakatokea mashamba yote yale ya Tanga, Korogwe na Morogoro. Tunajua mkonge kwa kamba na magunia. Wachache wanajua kwamba kuanzia miaka ya 1950 mkonge wa Afrika Mashariki ulitumika Uingereza kutengeneza dawa. Katika yale majimaji yanayobaki ukishatoa nyuzi kuna kitu kinaitwa hekojenini, na kwa kukipitisha kwenye hatua nyingi za maabara walipata dawa za jamii ya kotisoni, zile za mzio mkali, pumu na uvimbe wa viungo.

Hadithi ya homoni za kike inafanana na hiyo. Miaka ya 1940 kemia Mmarekani, Russell Marker, alikwenda Mexico kutafuta viazi vikuu vya porini. Ndani yake kuna diosijenini, na Marker alijua njia ya kuigeuza maabara kuwa projesteroni. Mwaka 1944 ikaanzishwa kampuni ya Syntex huko huko Mexico. Mwaka 1951 maabara ya kampuni hiyo ikatengeneza norethisteroni, moja ya homoni zilizofungua mlango wa vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa hiyo dada unayemeza kidonge kila jioni, historia ya kidonge hicho inapita shambani.

Sasa hapa ndipo wajanja walipopata biashara. Walisikia "homoni imetoka kwenye kiazi kikuu", wakasaga kiazi kikuu, wakauza unga na krimu kwamba vinaongeza projesteroni. Haviongezi. Mwili wa binadamu hauwezi kuigeuza diosijenini kuwa projesteroni, kazi hiyo inafanywa na kemikali za kiwandani. Hata uwatu, ambao wenzetu wa pwani na Unguja wanaupika sana na kuwapa waliojifungua, una diosijenini. Ni kiungo kizuri, kunywa ukipenda, ila usiuhesabu kama homoni.

Fikiria hivi. Je, kuna mtu mwenye pumu aliyewahi kupelekwa Korogwe atafune jani la mkonge? Hayupo. Tunajua kati ya jani na dawa kuna safari. Basi tukumbuke hivyo hivyo tukishika kopo.

SEHEMU YA 5: DAMU ILIYODHANIWA NI UJANA

Sehemu hii inauma kidogo, maana hapa tunakosoa dawa za hospitali. Lazima tuwe wakweli kote kote.

Mwaka 1942 ilianza kuuzwa Marekani dawa iitwayo Premarin, estrojeni zilizotolewa kwenye mkojo wa farasi wenye mimba. Joto lilipungua kweli, wanawake wakalala. Mwaka 1966 daktari wa New York, Robert Wilson, akatoa kitabu kinachoitwa Feminine Forever, akifundisha kwamba ukomo wa hedhi ni ugonjwa wa upungufu na kwamba mwanamke akimeza estrojeni atabaki kijana. Kitabu kikauzwa sana, na vidonge navyo.

Angalieni maneno hayo, kubaki kijana, kurudishiwa kilichopungua. Ni maneno yale yale yaliyo kwenye kopo la yule mama.

Wengi walikuwa wanameza estrojeni peke yake. Na estrojeni kazi yake moja ni kukuza ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Mwili wa mwanamke kijana una projesteroni ya kuusimamisha ukuta huo na kuubomoa kila mwezi, ndiyo hedhi. Estrojeni ikiwa peke yake, ukuta unakua tu, unakuwa mnene, unavuja damu, na baada ya muda chembe zake zinaweza kugeuka saratani. Mwaka 1975 jarida la madaktari la New England Journal of Medicine lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja, na zote zilionyesha kwamba wanawake waliotumia estrojeni walipata saratani ya mfuko wa uzazi mara kadhaa zaidi ya wasiotumia.

Mnaona sasa kwa nini nilishtuka Jumapili ile? Damu inayotoka baada ya ukomo haimaanishi ujana umerudi. Ni alama kwamba kuna kitu kinatakiwa kuangaliwa.

Baada ya 1975 madaktari walibadilika, mwanamke mwenye kizazi akawa anapewa estrojeni pamoja na homoni ya jamii ya projesteroni ili kuulinda ukuta. Halafu ikaja Julai 2002. Utafiti mkubwa wa Marekani wenye wanawake 16,608 wa miaka 50 hadi 79 ulisimamishwa kabla ya muda, kwa sababu waliokuwa wanatumia mchanganyiko huo walipata zaidi saratani ya matiti, kiharusi, damu kuganda na matatizo ya moyo. Dunia nzima ikaogopa. Wanawake wakatupa vidonge, madaktari wengi wakaacha kuandika.

Baadaye takwimu zile ziliangaliwa upya kwa umri, na picha ikawa tofauti. Washiriki wengi walikuwa wamevuka miaka 60. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajamaliza miaka 10 tangu ukomo, mwenye dalili kali na asiye na vizuizi, faida mara nyingi inazidi hatari. Lakini hofu ilishaingia, na palipo na hofu muuza kopo anafungua duka. Alichosema ni rahisi sana: hii yangu ni mimea, inafanya kazi kama homoni, ila haina madhara ya homoni.

Jamani, hilo haliwezekani. Kama unga una nguvu ya estrojeni kiasi cha kumrudishia damu mama wa miaka 54, basi unaweza kuukuza ukuta wa kizazi kama zile dawa za kabla ya 1975, tena bila projesteroni ya kulinda. Kama hauna nguvu hiyo, basi damu ile haikuletwa na unga, imetoka kwenye ugonjwa mwingine kabisa, na kopo linauficha. Vyovyote iwavyo mama anatakiwa hospitali. Huu ndio moyo wa somo langu lote la leo.

SEHEMU YA 6: SOYA, AMANI, JAPANI NA UJI WA LISHE

Najua mtauliza, "Dada, na soya je?" Maana kila mama hapa ana unga wa lishe wenye soya.

Soya ililetwa nchini mwaka 1907, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, milima ya Usambara, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kwa muda mrefu ilikuwa chakula cha mifugo na mafuta kuliko cha mezani. Kwetu imeingia sana kupitia uji wa watoto.

Kule Asia Mashariki, wao wameila kwa karne nyingi. Miaka ya 1980 mtafiti Margaret Lock alikaa na wanawake wa Japani, akakuta wanalalamika joto la ghafla kidogo kuliko Wamarekani. Wanalalamika zaidi mabega kukakamaa na kichwa. Mwaka 1992 Herman Adlercreutz wa Finland na wenzake wakaandika kwamba mkojo wa wanawake wa Japani una estrojeni za mimea kwa wingi sana, pengine soya ndiyo inawakinga. Kuanzia hapo vidonge vya soya vikaanza kuuzwa kila kona ya dunia.

Je, vinasaidia? Mwaka 2013 wachambuzi wa Cochrane, wanaokusanya tafiti na kuzipima pamoja, waliangalia tafiti 43 za estrojeni za mimea. Hawakupata ushahidi wa uhakika kwamba zinapunguza joto la ghafla au jasho la usiku, ingawa vidonge vyenye jenisteini nyingi, moja ya viungo vya soya, vilionyesha dalili ya kusaidia. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2016 uliona nafuu ndogo kwenye joto, lakini si kwenye jasho la usiku.

Na kuna kitu kinafurahisha. Mnakumbuka ekwoli ya kondoo? Sisi nasi baadhi yetu tuna bakteria tumboni wanaoweza kuigeuza soya kuwa ekwoli, wengine hatuna. Huenda ndiyo sababu mama mmoja anakula soya anasema imemsaidia, jirani yake anakula hiyo hiyo haoni kitu. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi ilinisaidia", anaweza kuwa mkweli kabisa, na bado isikusaidie wewe.

Kwa chakula cha kawaida, soya ni chakula kizuri, ina protini. Mtoto wa kiume hatageuka msichana kwa uji wa lishe, swali hilo naulizwa kila wiki. Ila soya mbichi tumbo haliiwezi, ichemshe kwanza vizuri, ianike, ndipo uisage. Vidonge na unga uliokolezwa ni habari nyingine. Kama mama amewahi kuugua saratani ya matiti au ya kizazi, au anatumia dawa za kudumu, asianze kabla ya kuongea na daktari wake.

SEHEMU YA 7: KIKOMBE, NA YULE MAMA

Sisi watu wa Arusha hatuhitaji kufundishwa nguvu ya tumaini. Mwaka 2011 tuliona magari yamepanga foleni ya kilomita na kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, Babu. Kikombe shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga. Walikwenda maskini na mawaziri. Wapo waliofia njiani wakisubiri, na wapo walioacha dawa zao za kudumu, za virusi vya UKIMWI na za kisukari, wakiamini wamepona. Babu alifariki 2021, na siandiki hapa kumsema vibaya marehemu. Nakumbusha tu kwamba watu hawakwenda kule kwa ujinga. Walikwenda kwa sababu walikuwa na maumivu, na palikuwa na mtu anayewapokea.

Mama zetu nao ni hivyo hivyo. Nimeona mama akieleza joto la usiku, anajibiwa "ni umri tu mama, vumilia", dakika mbili ametoka. Muuza kopo anamkalisha nusu saa, anamwita mama yangu, anamuuliza analalaje. Kwa kweli hapo sisi watu wa afya tuna sehemu yetu ya lawama, na mimi nikiwemo. Kuna siku nilichoka nikajibu hivyo hivyo.

Wala siwapigi vita wenye dawa za asili. Muhimbili wana taasisi ya utafiti wa tiba asili iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, na tangu mwaka 2002 tuna sheria na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Basi litumieni. Muuzaji akija, muulize: imesajiliwa? Ni mmea gani, kwa jina? Sehemu gani ya mmea, na kiasi gani kwa siku? Anayejua dawa yake atakujibu. Anayekwambia "ni siri ya babu" na wakati huo huo anatuma kwa basi mikoa yote, jihadhari. Duniani zimekamatwa mara nyingi dawa za "mimea mitupu" zilizochanganywa kimya kimya na dawa za kiwandani.

Cha kumsaidia mama nyumbani, anza na hivi: nguo nyepesi za kulalia za pamba, shuka mbili nyepesi badala ya blanketi moja zito, apunguze pombe na pilipili kama anaona vinamwamsha, atembee kila siku. Zaidi ya yote apunguziwe mzigo. Kama halali, asibaki na mtoto siku saba kwa wiki. Joto likimzidi aende kwa daktari. Zipo dawa za homoni na zipo zisizo na homoni, na kila mmoja ana yake inayomfaa baada ya kupimwa presha na kuulizwa historia yake.

Na haya hayasubiri hata wiki: damu yoyote baada ya miezi 12 ya ukomo, hata tone, hata maji ya pinki kwenye nguo ya ndani; damu baada ya tendo la ndoa; uchafu wenye harufu kali; uvimbe kwenye titi. Mara nyingine inakuwa ni kitu kidogo, ukavu tu wa uke au kijinyama kisicho na madhara. Lakini saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine zote hapa Tanzania, na ya mfuko wa uzazi nayo ipo, na zote mbili zinaweza kuanza na tone la damu. Zikiwahiwa zinatibika. Wewe binti, ukienda kupimwa mlango wa kizazi, nenda na mama.

Sasa yule mama. Jumatatu ile walikwenda. Alifanyiwa altrasaundi, wakachukua kinyama kidogo kwenye ukuta wa kizazi kupeleka maabara. Majibu ni yake, siwezi kuyaweka hapa. Ninachoweza kusema kwa ruhusa yake ni kwamba ukuta ulikuwa mnene kuliko inavyotakiwa, na ameanza matibabu.

Nilikwenda kumwona jioni moja. Nikamwamkia, akanivuta nikae. Akasema, "Mwanangu, mimi nilifurahi ile damu. Nilijiona sijazeeka. Hata mzee nilimwambia." Kisha akanyamaza. Nilimshika mkono, sikumwambia kitu. Mjukuu alikuwa amelala mapajani kwake, ameshika ncha ya kanga.

Leo usiku kabla hujalala mpigie mama yako, au mama mkwe, au shangazi. Usianze na dawa. Muulize, "Mama, unalalaje siku hizi?" Akishakujibu hilo, muulize na la pili, taratibu, kama kuna damu aliyoiona.

Wiki ijayo: presha wakati wa ujauzito.